Kukatwa ncha ya mzizi wa jino Mbeya: bili ilivyokuja na nilivyoilipa

Kliniki binafsi, Mbeya mjini. Jino la mbele juu, mzizi ulishatibiwa na kuzibwa, lakini kijipu cha usaha kwenye fizi kinarudi kila mara. Kwa simu nilitajiwa sh. 400,000. Niliyolipa hadi mwisho ni 535,000, na malalamiko yangu ni hayo tu, maana kazi yenyewe ilifanyika vizuri.

Ile laki nne ni ganzi na upasuaji. Picha tatu za eksirei (kabla, baada, na ya miezi 6) zilikula 45,000, dawa za kumeza na za kusukutua 20,000. Iliyobaki, 70,000, ni dawa ya kuzibia, na hapo ndipo pa kubana maswali. Daktari anachana fizi, anatoboa mfupa, anakwangua uchafu, anakata ncha ya mzizi kama milimita 3, halafu anachimba mzizi kwa nyuma milimita 3 nyingine na kuuziba. Ziba ikivuja, usaha unarudi na pesa imeenda. Dawa ya kuzibia inayosifiwa sasa ni MTA, ambayo kwa asili ni ndugu wa saruji ya Portland, ukoo mmoja na ile ya kujengea ya kiwanda cha Songwe, ila imesafishwa na kuongezwa kitu cha kuonekana kwenye picha. Amalgamu (ziba ya madini yenye zebaki) ni ya bei nafuu zaidi lakini haizibi vizuri kama hiyo. Aliyekutajia bei bila kusema anazibia nini hajakutajia bei.

Kabla ya kutoa hata shilingi, uliza kama mzizi una ufa. Wenye ufa hauponi kwa upasuaji huu, ng'oa tu. Uliza pia kama kurudia kusafisha mzizi kwa juu hakutoshi, hasa ziba ya zamani ikiwa haikufika chini. Magego ni habari nyingine: ya chini yako karibu na mshipa wa fahamu, ya juu yanapakana na uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu. Kazi ngumu, bei juu.

Malipo: nusu siku ya upasuaji, nusu siku ya kutoa nyuzi, kwa simu, risiti mkononi. Walikubali kwa sababu niliomba mapema, si nikiwa nimeshalala kwenye kiti. Mwenye bima apeleke jina kamili la upasuaji kwenye dirisha la bima na asubiri kibali; kadi kulipia kung'oa na kuziba haina maana italipia na hili. Hospitali za serikali unapewa kontrol namba, unalipa kwa simu au benki, humpi mtu fedha mkononi.

Anayetoka Tukuyu, Chunya au Vwawa ajumlishe na nauli: nyuzi hutolewa siku ya 5 hadi 7, na ile picha ya miezi 6 usiiruke, ndiyo inayoonyesha kama mfupa unajaa.