Uchambuzi: Seti ya Kutengenezea Kadi za Kukusanya, Iliyojaribiwa kwa Bendi za Zilipendwa

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Sanduku mnaloliona hapa mezani ni seti ya kutengenezea kadi za kukusanya nyumbani, na leo nitaichambua kwa kazi moja niliyoichagua makusudi, nayo ni kutengeneza kadi za bendi za muziki wa dansi wa Tanzania, zile ambazo siku hizi tunaziita zilipendwa. Sitalitaja jina lililoandikwa kwenye sanduku, kwa sababu seti hiihii inauzwa madukani na mitandaoni kwa majina mengi, na mwenye kufuata jina atapotea. Itambueni kwa vilivyomo ndani. Kuna karatasi za picha za A4 zenye uzito wa gramu 200 kwa mita ya mraba, karatasi nyembamba za plastiki ya kumetameta za kubandika juu ya picha, bao la kukatia lenye kisu kinachoteleza kwenye reli, kifaa cha kukatia pembe, gundi ya kupuliza, na mifuko ya plastiki ya kuhifadhia kadi mojamoja. Printa haimo, kwa hiyo ni lazima uwe na yako au uwe na mtu wa kukuchapia.

Nimechagua bendi hizi kwa sababu wengi wetu tunazijua kwa masikio kuliko kwa macho. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi nyimbo nyingi za miaka ya 1970 na 1980 kwenye tepu kwa ajili ya kutangazwa hewani, si kwa ajili ya kuuzwa, na wimbo usiouzwa hauhitaji jalada. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuitambua sauti ya mwimbaji Hassan Bitchuka kabla ubeti wa kwanza haujaisha, lakini ukimwekea picha yake mbele asijue ni nani. Watoto wa Marekani walizikuta sura za wachezaji wao wa besiboli ndani ya pakiti za bazoka. Sisi tulikuwa na mtangazaji akitaja jina la bendi, basi. Nilitaka kuona kama vifaa hivi vinaweza kuzipa sauti hizo sura, na pia kama kadi itakayotoka itafanana na kitu cha zamani au itafanana na kitambulisho cha kazini.

Tuanze na vipimo, kwa sababu hapo seti imefanya vizuri. Kadi ya kawaida ya kukusanya ina upana wa milimita 63.5 na urefu wa milimita 88.9, yaani inchi mbili na nusu kwa tatu na nusu, kipimo ambacho kampuni ya Topps ilikitumia kwa kadi zake za besiboli kuanzia mwaka 1957 na ambacho, kwa tofauti isiyofika milimita moja, ndicho cha kadi za Pokémon. Karatasi moja ya A4 inabeba kadi tisa za kipimo hicho, tatu kwa tatu, na bado inabaki nafasi pembeni kwa ajili ya printa ambazo haziwezi kuchapa hadi ukingoni. Ndiyo maana seti yangu ina kadi 27, kwani ni karatasi tatu kamili zisizo na nafasi iliyopotea, na nawashauri mpange idadi ya kadi zenu kwa hesabu ya karatasi kabla hamjaanza kuchagua nani aingie na nani abaki nje. Kwenye kompyuta, mchoro wa kadi moja uwe na nukta 750 kwa 1050, ili uchapwe kwa nukta 300 kwa inchi bila kufifia. Kama rangi ya mchoro inafika hadi ukingoni, ongezeni milimita tatu kila upande zitakazokatwa baadaye, lakini mjue kwamba hapo kadi tisa hazitaenea vizuri kwenye printa nyingi za nyumbani.

Mimi niliacha ukingo mweupe kuzunguka kila kadi, kama zilivyokuwa kadi nyingi za zamani, na ukingo huo ndio uliofichua udhaifu mkubwa wa seti hii. Tazameni bao la kukatia ninavyolisogeza karibu na kamera. Reli yake ni ya plastiki, na kisu kikifika katikati ya karatasi, mkono ukikandamiza kidogo tu, reli inapinda na mkato unatoka nje ya mstari. Kwenye kadi yenye rangi hadi ukingoni huwezi kuuona upungufu huo, lakini kwenye ukingo mweupe jicho linaona mara moja kwamba upande wa kushoto ni mnene na wa kulia ni mwembamba. Hii hapa kadi ya Urafiki Jazz, ambayo imekatwa kwa bao hilo. Mkiangalia chini, jina la bendi limeinama kana kwamba linateremka mlima. Na hii ya pili imekatwa kwa rula ya chuma na kisu cha kawaida cha kukatia karatasi, kisu kikipitishwa mara mbili au tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Tofauti haihitaji maelezo. Kwa upande mwingine, kifaa cha kukatia pembe ni kizuri kuliko nilivyotarajia: kinatoa mviringo safi, hakitafuni karatasi, na kinastahili kununuliwa peke yake mkikikuta.

Karatasi za picha zinapokea wino vizuri na rangi nyeusi inatoka nyeusi kweli, jambo ambalo si la kawaida kwa karatasi za bei hii. Tatizo ni kwamba zimepakwa upande mmoja tu. Ukichapa mgongo wa kadi kwenye upande usiopakwa, wino unasambaa na herufi ndogo zinavimba. Na hata kama karatasi ingekuwa imepakwa pande zote mbili, printa nyingi za nyumbani huisogeza karatasi kwa milimita moja au mbili inapogeuzwa, kiasi kwamba mbele na nyuma havikutani. Maelekezo ya kwenye sanduku yanasema uchape karatasi mbili za picha na kuziunganisha kwa gundi. Nimejaribu, na kadi inayotoka ni imara, lakini inateleza na kung'aa pande zote mbili, wala haina harufu wala mguso wa kitu cha miaka hiyo.

Suluhisho nililolipata ni karatasi ya manila, ileile ambayo walimu huchorea ramani za kutundika ukutani. Migongo ya kadi za zamani za Topps ilikuwa ya kadibodi isiyopakwa, yenye rangi ya kijivu au ya udongo, na manila ya rangi ya maziwa inaukaribia sana mguso huo. Kateni manila kwa kipimo cha A4, chapeni maandishi ya mgongo kwa printa ya leza kwa rangi moja tu, kisha puliziani gundi na kuibandika nyuma ya karatasi ya picha kabla ya kukata kadi. Ili mbele na nyuma vikutane, chapeni alama ndogo ya msalaba kwenye pembe za karatasi zote mbili, toboeni alama hizo kwa pini, na zipangeni pini zikiwa bado zimesimama. Mgongo wa namna hii unakubali hata kalamu ya wino, na hilo ni muhimu kama mna bahati ya kukutana na mwanamuziki mwenyewe na kumwomba atie saini.

Kuna tahadhari moja kwa sisi tunaoishi pwani. Karatasi ya picha na manila hazinywi unyevu kwa kiwango kimoja, hivyo kadi iliyobandikwa asubuhi inaweza kuwa imejikunja ifikapo jioni. Zikisha kubandikwa, zilazeni chini ya vitabu vizito usiku kucha kabla ya kuzikata, na msizikaushe kwa feni wala juani.

Sasa nije kwenye ile plastiki ya kumetameta, ambayo ndiyo inayotangazwa kwa herufi kubwa kwenye sanduku. Inabandikwa kirahisi, haiachi mapovu mkiisugua kwa kitambaa kuanzia katikati, na kwa kadi za michezo ya watoto wa sasa itafaa. Kwa bendi ya mwaka 1975 ni kiroja. Niliibandika juu ya mchoro wa Marijani Rajab, Jabali la Muziki mwenyewe, na mchoro wote ukawaka rangi za upinde wa mvua kama tangazo la simu mpya. Nimeibandua.

Lakini hata karatasi ikiwa nzuri na mkato ukiwa safi, kadi yenye mgongo mtupu ni picha ndogo tu. Kadi za wachezaji huwa na takwimu nyuma yake, na hapa muziki wetu wa dansi una hazina ambayo sijaiona katika muziki wa nchi nyingine nyingi, kwa sababu kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilipiga Sikinde. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz na Segere Matata, Afro 70 ya Patrick Balisidya na Afrosa, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo na Chakachua, na Orchestra Maquis, waliotoka Kongo wakaweka makao Dar es Salaam, walicheza Kamanyola. Nafasi ya mtindo nimeiweka juu kabisa ya mgongo, kwa herufi nene, kwa sababu shabiki wa zamani ukimwonyesha kadi, jambo la kwanza atakalobishana nawe ni hilo.

Chini yake nimeweka mji, mwaka wa kuanzishwa, na safari ya mwanamuziki kutoka bendi moja hadi nyingine, ambayo kwa kweli inasomeka kama usajili wa wachezaji wa mpira. Chukueni kadi ya Muhidin Maalim Gurumo: alitoka NUTA Jazz, akawa miongoni mwa nguzo za Mlimani Park, akaenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi alikotoka, na aliendelea kuimba hadi uzeeni, akafariki mwaka 2014. Kadi ya Mbaraka Mwinshehe inaonyesha kwamba alikuwa Morogoro Jazz ilipokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, kwamba mwaka 1973 aliunda Super Volcano, na kwamba ajali ya gari ilimkatisha maisha nchini Kenya mwaka 1979. Hayo yote yanaenea kwenye mgongo wa kadi kwa herufi za ukubwa wa pointi saba. Msishuke chini ya hapo, kwa sababu manila hunywa kidogo na matundu ya herufi kama "a" na "e" hujaa.

Kadi iliyonisumbua zaidi ni ya Msondo, kwani bendi hiyo iliyozaliwa mwaka 1964 kama NUTA Jazz iliitwa baadaye Juwata, kisha OTTU, kila mara jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki ilipobadilika, na leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Uandike jina gani mbele? Niliamua kutengeneza kadi tatu, kila moja ikiwa na jina la kipindi chake na wanamuziki wa kipindi hicho, nikazipa namba 4A, 4B na 4C. Wapo watakaosema nimejipendelea kwa sababu mimi ni mtu wa Msondo, na wafuasi wa Sikinde, yaani Mlimani Park, wana haki ya kulalamika.

Kuhusu gharama, bei ya seti hii ilikuwa karibu sawa na kuchapishiwa seti mbili za kadi 27 kwenye duka la uchapaji wa kidijitali, kwenye karatasi ngumu ya gramu 300, mbele na nyuma, zikakatwa kwa gilotini. Kama mnataka nakala nyingi za kadi zilezile, nendeni kwa mchapaji. Gilotini yake itakata rundo zima kwa mkato mmoja ulionyooka kuliko bao lolote la nyumbani. Kama mnataka nakala chache zenye mgongo wa manila, nunueni kifaa cha kukatia pembe, rula ya chuma, kisu na gundi kimojakimoja, na liacheni sanduku dukani. Mifuko ya plastiki iliyomo ndani inabana, na kadi yenye tabaka mbili inaingia kwa shida huku ikijeruhiwa pembe, hivyo tafuteni iliyo na nafasi zaidi.

Michoro yote mliyoiona nimeichora kwa mkono, nikaipiga picha na kuitia rangi kwenye kompyuta. Picha za zamani zinazozunguka mitandaoni zina wapigapicha wake na majalada ya santuri yana wenyewe, na Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kwa hiyo kukata picha ya mtu na kuibandika kwenye kadi ya kuuza ni kujitafutia matatizo. Hata kwa mchoro wako mwenyewe, sura na jina la msanii vina wenyewe, na familia zao zipo. Wanaoniandikia kutaka kununua seti nzima, jibu langu ni kwamba siuzi. Lakini kama umetengeneza kadi ya bendi ya mkoani kwenu, hasa zile za Tanga na Tabora, ninazo nakala za ziada za Western Jazz na niko tayari kubadilishana.