Kwa Mama wa Kinu, Kisauni: nyota nne, ile ya tano nimeibana

Kuna jirani amehamia kwetu mwezi jana akaniuliza nanunua wapi mahindi, nikaanza kumjibu kwa mesej ikawa ndefu mpaka mwenyewe nikacheka, nikaona bora niandike yote mara moja na wengine wasome. Ni duka la nafaka lenye kinu ndani, Kisauni hapa Mombasa, ile njia ya ndani kabla hujafika stendi ya matatu. Kibao kipo lakini maandishi yamefutika zamani, sisi twasema tu kwa Mama wa Kinu. Mimi mteja wake tangu 2020, kwa hivyo kile kiangazi kilichotupiga mpaka 2023 nimekipitia chote nimesimama kwenye foleni yake na ndoo mkononi, na ndio maana siwezi kuongea juu ya unga peke yake. Mwaka wa mvua kila muuza mahindi ni mtu mzuri.

Nianze na kipimo maana hapo ndipo watu wanaibiwa. Kwetu mahindi makavu hayauzwi sana kwa mizani, yauzwa kwa gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili. Gunia la kilo 90 latoa gorogoro arubaini hivi, inategemea mahindi yamekauka vipi na mkono wa anayepima. Sasa huo mkono ndio kesi yenyewe. Bei ya gunia ikipanda kuna wauzaji hawapandishi ya kopo, wewe wapita waona bado ni ile ile ya wiki jana unafurahi, kumbe kopo limegongwa nyundo kitako kikaingia ndani, na mengine yamebonyezwa mpaka ubavuni. Mwaka 2022 nilinunua mahali kwengine, sitapataja, gorogoro mbili, nikaenda kuzipima kwenye mizani ya jirani muuza samaki, nikakuta zapungua karibu robo kilo kila moja. Robo kilo ni sima ya mtoto ya usiku hiyo. Na nilikua nimemshukuru yule muuzaji kwa roho nzuri!

Kopo la Mama wa Kinu kitako kiko sawa, ukitaka kutia mkono ndani ukapapase tia, hakasiriki, tena akijaza kileleni hapitishi kijiti kukata mpaka wewe uone. Yeye bei akipandisha apandisha waziwazi. Ana ubao mweusi mlangoni, kila asubuhi aandika kwa chaki bei ya gorogoro na pembeni mahindi yametoka wapi: Kitale, UG, Tz, Pwani. Kitale ni kule bara, UG ni Uganda, na hiyo Tz yake ni mahindi ya Tanzania yanayopita mpaka wa Lunga Lunga kuja soko la Kongowea. Mimi niseme ukweli, yote ninayojua kuhusu ukame na bei ya chakula nimeyajulia pale ubaoni zaidi kuliko kwenye taarifa ya habari.

Mwanzo wa 2021 ubao ulisoma shilingi 75 kwa gorogoro, siku nyengine 80. Mvua za vuli za 2020 zilikua zishakosa huku kwetu lakini mjini hakuna aliyeshtuka. Machi serikali ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi, Tz na UG zikafutwa ubaoni siku chache kisha zikarudi masharti yalipowekwa. Masika ya 2021 yakakosa, Septemba rais akatangaza ukame kuwa janga la taifa, vuli ikakosa tena, alafu masika ya 2022 ndio yakawa makavu kuliko yote kwa kama miaka 70 hivi, na vuli ya 2022 nayo ikafuata wenzake. Misimu mitano mfululizo. Hapo ubao ulikua umefika 150, na kuna siku niliona 160 nikarudi nyumbani na nusu ya nilichotaka.

Siku moja nikamuuliza, Mama mbona mahindi ya Kitale yapo lakini bei yapanda kila wiki? Kule bara mvua si imenyesha nyesha kidogo? Akaniambia, "Mwanangu, angalia foleni yako." Nikaangalia sikuona kitu. Akanionyesha magunia matatu yamefungwa kamba kando ya mlango, yangoja matatu ya kwenda Kilifi. Akasema zamani magunia yakitoka shamba kuja mjini, sasa yatoka mjini kwenda shamba. Na kweli, mkulima wa Ganze au Magarini huko Kilifi mwaka mzuri hanunui mahindi, ala yake, na yakizidi atuuzia sisi. Mvua ikikosa haachi tu kuuza, yeye mwenyewe ageuka mnunuzi, aja kugombania gunia lile lile la Kitale na mtu wa Kisauni na mtu wa Nairobi. Sikua nimewahi kuifikiria hivyo, mimi nilidhani ukame wa Kilifi ni shida ya Kilifi.

Shangazi yangu yuko upande huo wa Ganze, magunia ya kwake mimi ndio nilikua nayanunua pale na kuyapakia. Alikua na mbuzi. Mwaka wa kawaida mbuzi mmoja mzuri akienda soko la Mariakani alirudi na gunia la mahindi na chenji ya sukari. 2022 aliuza wawili kupata gunia moja, na hao wawili ukiwaona mbavu zahesabika. Kila mtu alikua auza wakati mmoja kabla wanyama hawajafa, kwa hivyo bei ya mbuzi ikaanguka wakati bei ya mahindi yapanda, mtu akawa abanwa pande zote mbili. Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa kiangazi kile. Bora aliyeuza kwa hasara mapema.

Basi na siwezi kusema yote ni mvua. Vita vya Ukraine vilianza Februari 2022, mbolea gunia la kilo 50 ikapita shilingi 6,000, mafuta ya lori yakapanda, unga wa ngano ndio usiseme, mahamri yakawa madogo mpaka ukila mbaazi asubuhi wahitaji matano. Ukimuuliza Mama kwa nini bei imepanda hakupi sababu moja, akuhesabia kwa vidole, na kidole cha kwanza huwa ni mvua.

Ile Julai ya 2022 kabla ya uchaguzi mwaikumbuka. Unga wa pakiti wa kilo mbili ulikua umefika mia mbili na kitu, serikali ikatangaza uuzwe 100. Nakiri nilimkimbia Mama wa Kinu. Wiki nzima nazunguka na supamaketi, kwengine wakwambia pakiti moja kwa mtu mmoja, kwengine rafu tupu na mlinzi amechoka kuulizwa. Nilipata pakiti mbili kwa wiki ile yote na nauli niliyotumia yazidi faida. Nikarudi kwenye foleni na ndoo yangu, yule mama akanitazama akasema, "Karibu mwanangu, wageni wetu," akapima. Sijawahi kuona aibu kama ile. Septemba serikali mpya ikaingia na ruzuku yenyewe ikaisha, hata sikusikitika.

Tuje kwa ubora. Mahindi ya mwaka wa ukame ni mabaya hata ukiyalipia ghali, watu hawajui hili. Punje ndogo, nyepesi, mengine yamevunjika vunjika, na mahindi yaliyoteswa na jua shambani ndio sumukuvu huyapenda zaidi, ukiongezea na mtu anayeyavuna haraka haraka na kuyaweka stoo mabichi kwa kuogopa wezi basi imekwisha. Sumukuvu si mchezo, 2004 kule Makueni na Kitui iliua watu 125, na ukiipika haitoki. Mama ana chupa ya soda ya glasi pale kaunta na chumvi kavu, lori likija achukua punje kidogo atia chupani na chumvi atikisa, chumvi ikiganda kwenye glasi mahindi bado yana maji, hayachukui. Nimemuona kwa macho yangu akirudisha lori zima wakati watu wako kwenye foleni wangoja, wengine walimtukana. Yaliyooza na ya rangi rangi huyachagua mkononi kabla ya kusaga, na asema kabisa msimpe kuku.

Lakini hapa niwe mkali kidogo. Ile chumvi yamwambia ukavu wa leo tu, haimwambii yale mahindi yalilala wapi mwezi uliopita. Hana kipimo cha sumukuvu na sijui duka lolote mtaani lililo nacho, kwa hivyo mtu asikwambie ati kwa Mama ni salama asilimia mia. Ni mwangalifu kuliko wengine, basi. Mimi nyumbani nayachambua tena kwenye ungo.

Kinu chenyewe. Kusaga na kukoboa vyote vipo, malipo ya kusaga yako chini kidogo ya majirani. Kijana anayesaga ni mkimya lakini mkono safi, apangusa mdomo wa kinu kabla ya kumimina mahindi yako ili usipewe vumbi la mtama wa mtu mwengine. Na ukikoboa pumba ni zako! Wekeni hilo akilini maana vinu vingi hubaki na pumba kimya kimya, na kile kiangazi pumba zilikua pesa, wenye ng'ombe walikua wazitafuta kama dhahabu. Mimi zangu niliziuzia mtu wa Mtopanga nikalipia kusaga na zikabaki. Wengi foleni ile waliacha kukoboa kabisa, wakawa wasaga zima zima ili unga uwe mwingi, sima ikawa nyeusi kidogo na tumbo lajaa haraka, baadaye tumezoea wala sirudi nyuma.

Kasoro: unga watoka moto sana. Ukiufunga hapo hapo ukifika nyumbani umetoa jasho umeshikana madonge, na siku tatu waanza kunuka. Utandaze kwanza kwenye mkeka upoe, nilipoteza gorogoro nne kabla sijajifunza hili na hakuna aliyeniambia. Kinu ni cha stima, stima ikipotea hamna kitu, mwakaa. Hakuna pa kukaa. Vumbi, ukienda na nguo nyeusi utarudi mwokaji mikate.

Vitu vyengine vya dukani kwa ufupi: pojo nzuri, kunde nzuri, mbaazi zake mara nyingi ni za zamani zachemka masaa mpaka makaa yaishe, nunua kwengine. Mchele sijawahi kupenda. Muhogo mkavu huleta wakati wa shida, mwaka 2022 ndio uliotuokoa, nusu muhogo nusu mahindi sima yavutika vizuri na ukiwa na mchicha wa nazi huulizi, sema nazi nazo. Wacha tu.

Sasa ile nyota. Alikua na daftari la deni, kila mtu wa mtaa jina lake limo, mwisho wa mwezi walipa. Katikati ya 2022, pale tulipolihitaji zaidi, akalifunga. Nilienda siku moja mfukoni sina kitu na watoto wamefunga shule, nikamwambia Mama niandikie mbili tu, akasema hakuna kuandika. Mbele ya watu. Nilikasirika, miezi miwili sikuenda, ndio nikaangukia lile kopo lililobonyezwa. Baadaye akanieleza kwamba mwenye lori alikua ataka keshi mkononi kabla hajashusha, na gunia alilouza kwa deni la 5,000 akienda kununua jengine akuta ni 6,000, yaani kila akiandika jina ndio afilisika. Naelewa. Hesabu yaingia akilini kabisa. Lakini angeweza kuniita kando, na nyota yangu nabaki nayo.

Na jambo moja la kuwatayarisha: bei kwake hupanda haraka na kushuka pole pole. Masika ya 2023 yalinyesha vizuri, mimi Mei nikaenda nimechangamka nikidhani nitakuta 90, ubao bado 150. Nikamwambia Mama mvua si hiyo hapo nje? Akacheka, akasema mvua haisagwi. Na ni kweli mahindi ya Kitale yapandwa Machi, Aprili, yavunwa Oktoba huko, kwa hivyo mtu hula bei ya kiangazi miezi kadhaa huku amelowa. Bei ilianza kushuka kweli kweli mwisho wa mwaka, na hapo tena mvua ikazidi ya El Niño barabara zikakatika, alimradi hatukupumzika.

Kwa anayetaka kwenda: asubuhi saa moja hadi saa tatu foleni fupi, Jumamosi usijaribu. Alipisha keshi au M-Pesa, ya pili aongeza shilingi tano ambayo mimi naipinga lakini nalipa. Kinu hufungwa saa kumi na mbili jioni. Beba ndoo yenye kifuniko au gunia lako mwenyewe, mifuko ya plastiki hakuna tangu ile marufuku ya 2017, na ile ya kitambaa anayouza yeye pale kaunta yavuja unga njia nzima.