Sanduku la mbegu za Uskoti uani Buruburu: nyota 3 kati ya 5

Nililinunua Januari kwa shilingi 3,800, kwenye duka ambalo sitalitaja kwa sababu bado wananiuzia mbolea. Ndani kuna pakiti 12 za mbegu, tunguu 5 za maua ya tulipu na kijitabu cha mwezi kwa mwezi kilichoandikiwa bustani za Uskoti. Muuzaji aliniapia kwamba baridi ya kule na ya Nairobi ni moja. Kweli Julai hututoa masweta kabatini, lakini undugu unaishia hapo.

Nianze na vitunguu, maana ndivyo vilivyoniuma. Kijitabu kilisema Machi, nikatii. Vikaota, majani yakanona, masika yakapita. Julai nikafukua kimoja kwa kidole: shingo nene kama kalamu, chini hakuna kitu. Mzee anayeuza miche kando ya barabara akachungulia getini. "Mama, hivi ni vitunguu ama ni nyasi?"

Yeye ndiye aliyenieleza. Aina hiyo hungoja mchana wa saa 14 au zaidi ndipo ianze kufanya kichwa. Edinburgh mwezi Juni jua hukaa angani zaidi ya saa 17. Sisi tuna saa 12 zetu, Januari hadi Desemba. Ningengoja hadi nizeeke. Akaniuzia miche ya Red Creole, ambayo saa hizo zinaitosha. Yale majani tuliyakaanga na mayai.

Sukuma yao, yenye majani yaliyojikunja kama nywele za mtoto aliyetoka kulala, imenifurahisha. Ni ngumu kidogo, kwa hivyo ikate nyembamba na uiongeze dakika motoni. Eti hukolea utamu umande ukishaganda, kwa kuwa mmea hugeuza wanga kuwa sukari ili ujikinge na baridi. Buruburu umande haugandi, basi utamu wangu ulitoka kwa nyanya. Vidukari nao hawakuuliza mbegu imetoka wapi.

Njegere safi. Figili pia.

Shida ya kijitabu ni kwamba hesabu yake yote ni ya baridi, na yangu ni ya mvua. Nyanya kinataka zioteshwe dirishani Machi, zitoke nje mwanzo wa Juni. Desemba kinaniambia nioshe vyungu, ninoe jembe, nipumzike, na mimi hapo nimeinama navuna maharagwe ya vuli! Lakini ukurasa wa Februari unastahili nyota yake peke yake: panga viazi vya mbegu kwenye trei ya mayai, macho yakitazama juu, mahali penye mwanga, mpaka vitoe machipukizi mafupi manene. Nilifanya hivyo, na vyote vikatokeza juu ya ardhi pamoja.

Nilirudi dukani na malalamiko ya vitunguu. Kijana wa kaunta akafungua kijitabu, akaniwekea kidole kwenye mstari. "Lakini imeandikwa Machi, mama."

Tulipu sijazipanda. Zinataka wiki 12 au zaidi za baridi kabla ya kuchanua, na baridi hiyo hapa iko ndani ya friji tu. Ziko rafu ya chini kando ya maziwa, hii ni wiki ya 9. Zilikuwa 5. Jumapili mume wangu alimenya moja ya kachumbari.