Famasi ya Kirumba: nimewapa nyota 4

Nyota ya tano nimeibana kwa sababu ya foleni, jioni bodaboda na kina mama wa dagaa wote wanajazana pale na muuzaji ni mmoja. Ila huyo kaka aisee! Kuna kwingine hapa mjini ukitaja tu UTI unafungiwa antibayotiki, azuma au sipro, cheti hawaulizi. Hapa nimesema tu UTI yangu sugu akaniuliza, "Dada, mkojo ulishaoteshwa?" Yaani maabara wawakuze bakteria waliomo kwenye mkojo waone dawa gani inawaua. Bado. Basi akagoma kuniuzia antibayotiki, kapime kwanza ndo urudi na majibu. Nilinuna, nisidanganye.

Nikamtolea ile video inayozunguka wasapu ya virusi vinavyoua bakteria, nikamwambia kama hiyo hamna basi lini mtaleta. Mwingine angenitolea kopo la vidonge vya ajabu, yeye akanieleza huku foleni inanung'unika nyuma yangu: hao virusi wanaitwa faji, Georgia kule Tbilisi wana taasisi yao tangu 1923, ila kila faji ana bakteria wake, ni kama wavu wa dagaa na wa sangara, ukikosea umetoka kapa. Halafu kuna wengine wakishaingia kwenye bakteria wanajibanza ndani ya DNA yake wanalala tu, hawaui, ndo maana siku hizi wanahaririwa jeni. 2018 kuna binti London alikuwa amepandikizwa mapafu akapata maambukizi yasiyosikia dawa, timu ya Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh ikamtafutia faji watatu, wawili wakanyofolewa ile jeni ya kuwalaza ili wakifika waue, na binti akapata nafuu kubwa. Yule wa tatu hakuguswa, alishakuwa muuaji tangu alikotoka, na alitoka kwenye biringanya lililooza huko Durban jamani 😂

Ila hiyo ilikuwa dawa ya mgonjwa mmoja, faji wamejaribiwa kwanza kwenye bakteria wake mwenyewe. Kwahiyo anayekuuzia chupa ya "virusi vya UTI" mtaani anakula hela yako tu.

Majibu ya kuotesha yalipotoka nikauziwa dawa moja, bei ya kawaida, na maelekezo kaandika kwa mwandiko unaosomeka. Mitandao yote ya simu wanapokea. Jumapili wanafunga mapema, ukisubiri utoke ibada ya pili umewakosa.