Uzoefu wangu na kayaki ya kuvulia hapa Mombasa: bahari haina neno, kazi iko kwa jua

Nikiulizwa kama kayaki ya plastiki, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, yafaa kuvulia Mombasa, jibu langu ni ndiyo, kwa mtu mwenye kivuli cha kuiweka. Asiye na kivuli anunue rodi nzuri avulie ufukoni, pesa zake zitadumu zaidi.

Yangu ni ile ya kukalia juu, urefu mita tatu na kidogo, uzito kama kilo 30 bila kiti. Ndani ya mkondo wa Tudor na wa Mtwapa inatulia vizuri sana, hata ukigeuka kuchukua chambo nyuma haikutishi. Kaskazi ikilala asubuhi natoka nayo hadi karibu na mwamba, na changu na kolekole wadogo wameshapanda humu kwa wingi. Mbele ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari iliyowekwa tangu 1986, na ndani ya eneo la mbuga kuvua ni marufuku. Mipaka waulize watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kwenye bandari unayoshukia kabla ya kutia kafi majini. Kwa upepo wa kusi ni kitu kingine kabisa. Kayaki hii ina ubavu uliosimama juu, upepo unaisukuma kama beseni tupu.

Sasa matunzo, maana ndiyo ninayoulizwa kila ninapoiteremsha.

Plastiki yake ni polithini, aina moja na matangi ya maji yaliyo juu ya nyumba zetu. Weusi wa tangi ndio unaolikinga na jua. Kayaki ya njano au ya machungwa haina weusi huo, ina dawa tu iliyochanganywa kiwandani, nayo huliwa na jua pole pole mpaka plastiki inapauka na kuwa kavu ya kupasuka. Mombasa tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na mwezi Machi na Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini. Ukiiacha uwanjani mwaka mzima utaiona rangi inavyogeuka unga ukiipitisha mkono.

Yangu nailaza chini ya banda la makuti. Mabati ni kivuli pia, lakini yakiwa chini chini yanatoa joto kama jiko, na joto ndilo linalopinda tumbo la kayaki. Plastiki ikipata moto hulainika, na kila inapoegemea sehemu nyembamba hubonyea hapo. Kwa hiyo nimeifudikiza kifudifudi juu ya matairi mawili yaliyofungwa magunia, moja upande wa omo, yaani mbele, na jingine upande wa tezi, yaani nyuma, kama robo ya urefu kutoka kila ncha. Usiiweke juu ya matofali, wala usiining'inize kwa vishikio vyake vya kubebea. Na usiweke chini ya mnazi. Nazi haijui bei ya kayaki.

Kuifudikiza kuna faida ya pili: maji ya mvua hayatuami kwenye kiti na kwenye vishimo vya miguu. Mji huu umeshaijua homa ya dengi, na mbu wake hawahitaji zaidi ya maji ya kikombe. Kizibo cha tezi nakiacha wazi wakati wote inapolala, hewa ya ndani ikipata joto ipate pa kutokea na unyevu ukauke. Hapo kuna hatari yake, utashuka baharini kizibo kikiwa mfukoni mwa suruali nyingine. Changu nimekifunga kwa uzi kwenye kishikio cha kafi, siwezi kushika kafi bila kukiona.

Jambo la maji ndilo gumu kwa watu wa hapa. Maelekezo yote ya kayaki husema ioshwe kwa maji matamu kila inapotoka baharini, kana kwamba kila nyumba ina mpira wa maji unaotiririka. Kwetu Kisauni mfereji hutoka kwa zamu, kisima cha mtaa ni chumvi, na maji ya mkokoteni ni ya kununua kwa mtungi. Lakini polithini haidhuriki na chumvi. Kinachodhurika ni chuma, kitambaa na zipu. Basi mwili wa kayaki nausugua kwa maji ya kisima na sabuni kidogo, damu ya samaki na magamba yatoke, la sivyo asubuhi utakuta sisimizi na mchana kunguru wa mjini hapa watakuja kudonoa kiti wakitafuta kilichobaki. Mtungi mmoja wa lita 20 za maji matamu nauweka kwa vile vinavyooza: rili ya kukunjia mshipi kwanza, halafu bolti na reli za kiti, bawaba za vifuniko, jaketi la kuokolea, mwisho maungio ya kafi. Rili imwagie matone kwa kopo lililotobolewa, usiipige kwa maji ya nguvu, utaisukumia chumvi ndani. Ilegeze breki yake kabla ya kuihifadhi. Jaketi lianike kivulini.

Kafi ya vipande viwili itenganishe siku hiyo hiyo. Chembe za mchanga na chumvi zikikaukia kwenye maungio zinashika kama simenti, na wawili mtavutana kama mnagombania urithi.

Malalamiko yangu makubwa ni vishikio vya rodi. Fundi wa muuzaji alivitia kwa skrubu fupi na silikoni. Silikoni haishiki vizuri kwenye polithini, ikabanduka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa, na maji ya ngama yakawa yanajaa tumboni kimya kimya. Nilivitoa vyote nikarudisha kwa bolti za stenlesi zenye washa pana na nati kwa ndani, katikati nikaweka kipande cha tyubu ya baiskeli. Tangu hapo tumbo kavu. Wanaouziwa kayaki yenye vifaa tayari wavue kimoja waangalie kilichotiwa chini yake.

Mzee mmoja wa ngalawa pale Mtwapa aliizunguka, akaigonga gonga kwa kidole, akaniuliza, "Mwanangu, na hii yako yakalafatiwa wapi?" Nikamwambia, "Haikalafatiwi, mzee, wala haitaki sifa." Akacheka. Kweli haihitaji pamba ya kukalafatia, yaani kuziba mapengo ya mbao, wala mafuta ya sifa ya kupaka chombo, ila ikitoboka gundi za dukani hazisaidii. Dawa ni kuyeyusha plastiki ya aina ileile juu ya ufa, na mafundi wanaoziba matangi ya maji wanaijua kazi hiyo. Mikwaruzo ya kawaida iache. Ile minyoya ya plastiki inayosimama ikate kwa wembe. Tumbo likibonyea, lianike juani kwa muda au limwagie maji ya moto, mara nyingi linarudi lenyewe.

Kuiburura ndiko kunakoimaliza. Mawe ya matumbawe yanaila tezi taratibu, kwa hiyo tafuta mtu wa pili mshike ncha kwa ncha, au tumia kitoroli chenye magurudumu manene. Membamba yanazama kwenye mchanga wa Nyali. Juu ya gari nailaza kwenye keria ya Probox kwa mikanda mipana, na kamba mbele na nyuma. Ile mipira ya tyubu ya bodaboda inatosha kwa kreti za soda. Upepo wa daraja la Nyali utaing'oa. Mikanda usiikaze mpaka iimbe, na ukifika ilegeze, gari likikaa juani plastiki inajibonyea pale pale ilipobanwa.

Kuanzia Juni bahari ya nje ikichafuka mimi huiweka muda mrefu. Kiti nakivua kikae chumbani, maana panya wanapenda sponji yake, kila kifuniko nakifungua, na kila ninapokumbuka naigeuza kidogo juu ya matairi isilalie mahali pamoja. Kiti kimeanza kuchanika mshono wa mgongoni, nacho muuzaji anakiuza bei ya kuudhi. Nimempelekea fundi wa viti vya magari ya matatu, amekishona kwa uzi wa nailoni, na kimekaa vizuri kuliko kilivyotoka dukani.