Kibao cha kaburi la bibi: kazi safi, duara la mwanga nimeligomea

Kama unatafuta wa kukuchongea kibao cha kaburi hapa Mwanza, karakana niliyoitumia mimi iko njia ya kwenda Igoma, ina mashine ya leza na mafundi wanaoijua kazi. Nimelipa shilingi 230,000 kwa kibao cheusi cha granaiti chenye picha, jina, tarehe mbili na mistari ya maneno. Nusu unatanguliza, nusu unamalizia ukishakagua. Si bei ya kitonga, lakini msalaba wa chuma tuliouweka mwanzo umeliwa na kutu, na maandishi ya rangi mvua za huku huwa haziyaachi.

Picha ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Niliwapelekea picha ndogo ya pasipoti ya bibi mzaa mama, ya zamani, imekunjika pembeni, na mashine imetoa hadi mikunjo ya kilemba chake. Herufi zimechimbwa kwelikweli, ukipitisha kidole unausikia mfereji. Rangi ya dhahabu ndani ya herufi ni hiari, nimeikataa, huchuja. Kibao kinakuja na matundu manne ya kukazia kwenye zege, nati na bolti wanakupa.

Sasa tuje kwenye sampuli. Kijana wa mapokezi alinipokea kwa salamu ya Kisukuma, "mwangaluka mayu", akanifungulia simu nichague. Karibu kila marehemu humo ana mabawa ya malaika, na wengi wana duara la mwanga kichwani kama sanamu ya Mtakatifu Antoni. Chini maneno yameshapangwa: "Mtakatifu wetu, utuombee." Duara ni nyongeza ya 15,000. Nikamwambia, kaka, mabawa yatoke kwanza. Bibi alikuwa binadamu, na binadamu akifa hageuki malaika. Hilo halikuwa na ubishi. La duara ndilo lililotuweka pale hadi mchana, maana mjomba niliyekwenda naye alikuwa upande wa kijana.

Na hoja ya mjomba haikuwa ya kipuuzi. Tarehe 1 Novemba, alisema, Kanisa linaadhimisha Watakatifu Wote, wakiwemo wale ambao majina yao hayamo kwenye kalenda. Bibi aliyefundisha watoto wa kigango kizima ishara ya msalaba asipokuwamo, atakuwamo nani? Hata Papa Fransisko, katika Wosia wa Kitume, barua yake ya mafundisho ya 2018, aliwasifu watakatifu wa nyumba ya jirani. Mimi naamini vilevile. Nikizidiwa huwa namwambia bibi aniombee, na sijawahi kukatazwa na padri. Sala ya faragha ni ya faragha. Lakini kaburi ni la hadhara. Papa Urbano wa Nane alishapiga marufuku tangu 1625 kumchora na mwanga huo mtu ambaye Kanisa halijamtangaza. Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, ukanda huuhuu wa ziwa, mchakato wa kumtangaza mtakatifu ulifunguliwa na Jimbo la Musoma mwaka 2005 na bado anaitwa Mtumishi wa Mungu, ngazi ya kwanza tu. Mashahidi wa Uganda, ng'ambo ya maji, waliuawa kati ya 1885 na 1887, wakatangazwa wenye heri 1920, watakatifu 1964. Bibi yangu avikwe duara kwa elfu kumi na tano?

Tena kuna hasara. Mpita njia akikuta "utuombee", ataacha shida zake pale na kwenda zake. Akikuta "Raha ya milele umpe ee Bwana", atamwombea. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote ya dhambi, akitimiza masharti ya kitubio, komunyo na sala kwa nia za Papa. Bibi ndiye aliyetuzoesha kutoa nia ya Misa kwa kila marehemu wa ukoo. Tukishamtangaza sisi wenyewe, nia ya Misa kwa ajili yake ataitoa nani? Kama yuko mbinguni, sala hizo Mungu atajua pa kuzipeleka. Kama bado yuko toharani, anatakaswa, tutakuwa tumemdhulumu kwa kisingizio cha heshima. Mjomba akanyamaza, kisha akauliza kama ile 15,000 tunaweza kuiongezea kwenye sadaka ya Misa. Tukafanya hivyo.

Usafiri ni juu yako. Sisi tulikiviringisha kwa magunia ndani ya pikapu, tukavuka daraja la Kigongo–Busisi, zile kilomita tatu ambazo zamani zilikuwa ni kusubiri kivuko, hadi Sengerema. Kimefika bila ufa, na fundi wa kijijini amekifunga bila kuongeza tundu hata moja.

Lawama yangu nyingine ni ratiba. Oktoba foleni yao ni ndefu, kila mtu anataka kibao kiwe kaburini kabla ya tarehe 2 Novemba, Marehemu Wote, na siku wanayokuahidi usiipangie safari. Pia rasimu wanakutumia kwenye simu tu, herufi ndogo. Ikuze usome neno kwa neno, kwangu "Bwana" ilikuwa imekosa n. Walirekebisha bila kinyongo. Agiza Septemba, na maneno nenda nayo yakiwa kwenye karatasi, la sivyo utatoka pale na mabawa.