Upasuaji wa Mgongo Wazi na Kichwa Kikubwa: Tathmini ya Huduma Tuliyopewa

Huduma ninayoitathmini ni upasuaji wa mtoto mchanga aliyezaliwa na mgongo wazi, ambaye wiki chache baadaye kichwa chake nacho kilianza kujaa maji. Alitibiwa katika hospitali moja ya rufaa nchini Tanzania ambayo sitaitaja, kwa kuwa nina pongezi nyingi kwake na malalamiko pia. Mtoto ni wa kaka yangu. Mimi nilikuwa msindikizaji wa wifi yangu, mtu wa kushika faili, kupanga foleni ya vipimo na kusikiliza maelezo ya daktari kwa niaba ya mama ambaye usingizi ulikuwa umempotea. Baada ya kuifuata huduma hii tangu rufaa hadi kliniki za kurudi, nimeridhika kwamba kisu si tatizo lake tena. Mabingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu tulionao wanaijua kazi yao, na sehemu ya kuipima hospitali katika maradhi haya ni yale ambayo mama anafundishwa kabla hajapewa karatasi ya ruhusa.

Mgongo wazi hutokea pale mrija unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo unaposhindwa kufunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa, wakati ambao wanawake wengi bado hawajajua kama ni wajawazito. Mtoto huzaliwa na kifuko au kidonda mgongoni, na inashauriwa kifungwe ndani ya saa 48 hadi 72, kabla wadudu hawajapenya hadi kwenye utando wa ubongo. Hapa ndipo lipo lalamiko langu la kwanza, na haliihusu hospitali ya rufaa. Kituo alikozaliwa mtoto kilimfunga pamba kavu na kumlaza chali, kisha kikatuambia tusubiri kwanza apate uzito. Pamba kavu hunata kwenye neva na kuzichubua. Kilichotakiwa ni shashi safi iliyoloweshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, mtoto alazwe kifudifudi na rufaa iandikwe siku hiyohiyo. Tulipofika kwa bingwa, muda unaoshauriwa ulikuwa umeshapita, na ilibidi mtoto atumie kwanza dawa za kuua wadudu ndipo apelekwe chumba cha upasuaji.

Kuhusu upasuaji wenyewe sina la kulalamikia. Daktari alimchorea wifi yangu kwenye nyuma ya fomu ya maabara jinsi atakavyozirudisha neva ndani, atakavyoshona utando unaozuia maji ya uti wa mgongo yasivuje, na mwisho ngozi. Akasema waziwazi, kabla hajaulizwa, kwamba upasuaji huu unafunga mlango wa maambukizi lakini hauirudishii miguu nguvu iliyokwisha kupotea. Nimewasikia wazazi wengine wodini waliolipia matumaini ya kutembea katika vituo binafsi, na ninauhesabu ukweli ule kuwa sehemu ya tiba. Kidonda kilikauka vizuri. Jambo dogo lililonifurahisha ni bango la kitandani lililokataza glavu za mpira wa asili, kwa sababu watoto wa mgongo wazi huwa wepesi kupata mzio wake. Wauguzi walilifuata, hata wale wa zamu ya usiku.

Watoto wengi wenye mgongo wazi hujaa maji kichwani, na huyu hakuwa tofauti. Utosi ulianza kuvimba, mishipa ya kipajini ikatokeza, na macho yakawa yanaelekea chini kana kwamba kope zimeyazidi. Kila asubuhi muuguzi alipitisha utepe kuzunguka kichwa, juu kidogo ya nyusi na kupita kwenye kisogo, akaandika sentimita kwenye kadi, kisha akampa wifi yangu utepe uleule arudie mbele yake. Mara ya kwanza mama aliulegeza. “Kaza kidogo mama, hauumizi,” akaambiwa, na namba ikapungua. Ultrasaundi ilifanywa kupitia utosini, bila nusu kaputi wala mionzi ya CT, na hilo nalo nalisifia, kwani utosi ukiwa bado wazi hakuna haja ya kukimbilia mashine kubwa.

Baada ya hapo palikuwa na uamuzi ambao nadhani kila mzazi anastahili kuelezwa kama tulivyoelezwa sisi. Njia ya kwanza ni kuweka mpira mwembamba wenye vali (kidude kinachodhibiti mtiririko wa maji), unaoanzia katika vyumba vya maji vya ubongo, ukapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, na kumwaga maji tumboni ambako mwili huyafyonza. Njia ya pili haiachi kitu chochote mwilini: daktari huingiza kamera nyembamba, hutoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia nyingine, kisha huunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Njia hii ya kuunganisha tundu na kuunguza iliendelezwa kwa watoto wachanga katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, na daktari Mmarekani Benjamin Warf mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kutoka Mbale ikaenea hadi Marekani kwenyewe. Sababu yake ilikuwa ya kimaisha kabisa. Mpira una kawaida ya kuziba au kuingia wadudu. Hata katika nchi tajiri, takriban asilimia 40 ya mipira ya watoto huharibika ndani ya mwaka wa kwanza, na mtoto aliye mbali na hospitali anaweza kufa kabla hajafikishwa kwa bingwa.

Ni kweli pia kwamba utafiti uliofanyika Mbale kwa watoto 100 waliojaa maji kutokana na maambukizi, na kuchapishwa mwaka 2017, haukuona tofauti ya maana katika maendeleo ya akili baada ya miezi 12 kati ya waliowekewa mpira na waliotobolewa tundu. Daktari wetu aliligusia jambo hilo ili tusidhani kwamba mpira ni tiba ya maskini. Lakini mtoto wetu maji yake yalitokana na mgongo wazi, kundi ambalo tundu limeonyesha matokeo mazuri, na kwao ni mbali na barabara ya lami. Kwa hiyo tulichagua tundu, tukajibiwa kwamba kamera ya hospitali ni mbovu na haijulikani itatengenezwa lini. Tulipewa nafasi ya rufaa nyingine, ila utosi haukuwa unangoja. Akawekewa mpira. Uliotumika ulikuwa ule wa Kihindi wa Chhabra, ambao ulilinganishwa na wa Kimarekani hukohuko Mbale na haukuonekana kuwa duni, licha ya bei yake kuwa sehemu ndogo ya bei ya ule mwingine. Lalamiko langu la pili ni kwamba ulinunuliwa kwa fedha zetu, ilhali sera ya Serikali inawasamehe malipo watoto walio chini ya miaka 5.

Kilichonifanya niisifu hospitali hii kwa wengine ni siku za mwisho wodini. Muuguzi wa wodi ya watoto alimfundisha wifi yangu kumtoa mtoto mkojo kwa katheta safi, yaani kijirija chembamba kinachoingizwa kwenye njia ya mkojo, kila baada ya saa chache, kwa sababu kibofu kisichomwaga vizuri hurudisha mkojo kwenye figo na kuziharibu taratibu, na watoto wengi wa mgongo wazi hupotezwa na figo baada ya kuokolewa na upasuaji. Alimgusisha vali nyuma ya sikio, imetuna kama punje ya haragwe, akamwonya asiiminye. Akamwandikia kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, dalili za mpira kuziba: kutapika bila kuharisha, usingizi usio wa kawaida, utosi kujaa tena, homa. Chini yake akaandika namba ya simu ya wodi.

Karatasi ile ilifanya kazi ambayo barua ya ruhusa haikuifanya. Barua iliandikwa kwa Kiingereza cha vifupisho vitupu, na mtoto alipoanza kutapika huko nyumbani, hospitali ya karibu iliisoma, ikaiweka kando na kuanza kutibu malaria ambayo kipimo hakikuionyesha. Wifi yangu akaonyesha ya Kiswahili, akapiga simu ya wodi akiwa mbele yao, na gari la wagonjwa likapatikana jioni hiyohiyo. Mpira ulikuwa umeziba upande wa kichwani. Ukabadilishwa, na mtoto akaanza kunyonya kesho yake.

Mzazi anayeulizia pa kumpeleka mtoto asianze na sifa za jengo. Upasuaji wa namna hii hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na pia Bugando kwa watu wa Kanda ya Ziwa. Popote atakapopelekwa, aulize kama kamera inafanya kazi, nani atamfundisha katheta, na namba ipi inapokelewa usiku.

Kuna upungufu mmoja ambao hospitali yetu haijauziba hadi leo. Katika kliniki zote za kurudi hakuna aliyemwambia wifi yangu kwamba mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji asidi ya foliki kiasi cha miligramu 4 kwa siku, aanze walau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba nyingine, na kwamba vidonge vya kliniki ya wajawazito vina miligramu 0.4 tu pamoja na madini ya chuma, hivyo haifai kumeza kumi kwa mpigo ili kufikia kiwango hicho. Nilimuuliza daktari mwenyewe, akaandika cheti palepale, na vidonge vya miligramu 5 vikapatikana duka la dawa lililo nje ya geti.